Mshindi wa mnada wa mtandaoni asipolipa, muuzaji afanyeje?

KUNADI bidhaa kupitia mtandao si shughuli ya matajiri wa ng'ambo pekee siku hizi. Katika mtaa wa Mishomoroni, eneo la Kisauni, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Mombasa, mtu yeyote aliye na simu yenye intaneti anaweza kuweka picha ya kabati, friji au cherehani katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, akataja bei ya kuanzia, kisha akawaalika watu wapandishe dau hadi saa aliyoipanga.

Faida yake ni wazi. Muuzaji halazimiki kukodi kibanda wala kubeba mzigo hadi Kongowea. Wanunuzi wenyewe hushindana, na mara nyingi bei hupanda kupita ile ambayo mwenye mali angethubutu kuitaja.

Hata hivyo, taabu huanza pale mnada unapofungwa. Mshindi aliyekuwa akiandika dau juu ya dau ghafla hapokei simu. Akipokea, ana safari, ana mgonjwa, au anasubiri mshahara. Siku zinapita, bidhaa imekaa nyumbani, na wale walioshindwa wamekwisha kununua kwingine. Waswahili walisema ahadi ni deni, lakini deni la mtu ambaye hujawahi kumwona uso kwa uso ni vigumu kulidai.

Chukulia mfano wa mama mmoja wa Mishomoroni anayeuza cherehani yake ili apate karo ya mwanawe. Anaanzia Sh8,000. Kufikia saa tatu usiku, saa ya kufunga mnada, mshindi amefika Sh14,500, wa pili Sh13,000 na wa tatu Sh12,500. Mama analala akiwa na matumaini. Juma moja baadaye hajapata hata senti, na shule inataka pesa zake. Je, mama huyu ana haki gani? Na angefanya nini mapema ili asifikwe na masaibu hayo? Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo mawili.

Kwa nini mshindi hukwepa

Si kila asiyelipa ni tapeli. Wapo wanaopandwa na joto la mashindano, wakatamka bei ambayo mifuko yao haiwezi kuihimili. Asubuhi akili zikitulia, aibu huwazuia kusema ukweli na badala yake hujificha. Wapo pia wanaogundua baada ya kushinda kwamba bidhaa kama hiyo inapatikana dukani kwa bei nafuu zaidi. Wengine ni watoto waliochukua simu za wazazi wao.

Kundi la pili ni la wale walionuia ubaya tangu mwanzo. Mshindani wa kibiashara anaweza kuuvuruga mnada kwa kuweka dau la juu asilokusudia kulilipa. Aidha, kuna hila ya watu wawili wanaoshirikiana. Wa kwanza huweka dau dogo, tuseme Sh9,000. Mwenzake huruka mara moja hadi Sh20,000, na wanunuzi wa kweli wakiona hivyo hukata tamaa na kuondoka. Mnada ukifungwa, yule wa Sh20,000 hutoweka, na muuzaji aliyeachwa mkono mtupu humgeukia aliyemfuatia na kumuuzia kwa Sh9,000. Muuzaji asiyeijua hila hii huona amepata bahati, kumbe amechezewa shere.

Ni muhimu muuzaji atofautishe makundi haya, kwa sababu dawa yake si moja. Aliyeteleza hupewa nafasi ya kujirekebisha au kujiondoa kwa heshima. Mlaghai hufungiwa mlango kabla hajaingia.

Tatizo lilianza na mnada wenyewe

Tatizo hili lina umri sawa na minada ya mtandaoni. Mwezi wa Septemba 1995, Pierre Omidyar alianzisha nchini Marekani tovuti ya mnada ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya miale ya leza iliyoharibika, nayo ilipata dola 14.83. Biashara ile ilisimama juu ya msingi wa kuaminiana kati ya watu wasiojuana, na ndiyo sababu ukawekwa utaratibu wa kila upande kuutathmini mwingine baada ya biashara.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake. Mnunuzi asiyelipa aliyekemewa na muuzaji aliweza kulipiza kisasi kwa kumwandikia muuzaji sifa mbaya, na wanunuzi waaminifu nao waliogopa kulalamika. Mwaka 2008, eBay iliondoa uwezo wa wauzaji kuwaandikia wanunuzi tathmini mbaya. Badala yake wauzaji walibakishiwa njia nyingine. Chini ya kanuni za kampuni hiyo, mnunuzi hupewa siku nne za kulipa. Zikipita, muuzaji anaweza kufuta mauzo hayo na kuripoti kwamba hakulipwa, na kumbukumbu hiyo hubaki katika akaunti ya mnunuzi. Muuzaji pia anaweza kuwazuia watu wenye rekodi ya kutolipa wasishiriki katika minada yake, na anaweza kumpa mshindani wa pili nafasi ya kununua kwa dau lake mwenyewe.

Somo kwa muuzaji wa Mishomoroni ni kwamba kundi la WhatsApp halina msimamizi wa aina hiyo. Hakuna kampuni ya kuhesabu siku wala kuweka rekodi ya wasiolipa. Kanuni zote hizo hana budi kuzitunga na kuzitekeleza yeye mwenyewe.

Mfano ulio karibu: mnada wa chai

Si lazima kwenda Marekani ili kujifunza. Mombasa yenyewe ina mojawapo ya minada mikubwa zaidi ya chai duniani, unaosimamiwa na Muungano wa Wafanyabiashara wa Chai wa Afrika Mashariki, ulioasisiwa mwaka 1956. Mnada huo ulihamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1969. Kwa miongo mingi wanunuzi walikusanyika katika ukumbi mmoja na nyundo ikagongwa mbele ya macho yao. Mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipozuia mikusanyiko, mnada ulihamia mtandaoni, na chai ya Kenya pamoja na ya mataifa jirani kama Uganda, Rwanda na Tanzania ikaanza kununuliwa kwa kubonyeza kompyuta.

Kinachoilinda chai hiyo dhidi ya mnunuzi asiyelipa ni utaratibu, wala si urafiki. Kwanza, si kila mtu huruhusiwa kushiriki, kwa maana wanunuzi ni kampuni zilizosajiliwa na zinazojulikana. Pili, kuna tarehe maalumu ya malipo, ambayo kwa desturi huwa majuma mawili baada ya mnada. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, chai hubaki katika maghala ya Mombasa hadi fedha zilipwe. Mnunuzi anaweza kuwa ameshinda na jina lake limeandikwa, lakini pasipo malipo hapewi hati ya kuutoa mzigo.

Minada ya nyumba na mashamba inayotangazwa na madalali wa Kenya magazetini hufuata njia inayofanana na hiyo. Matangazo mengi humtaka mshindi alipe asilimia 25 ya bei papo hapo nyundo inapogongwa, na salio kwa kawaida ndani ya siku 90. Akishindwa, hupoteza alichotanguliza na mali hunadiwa upya. Naam, mambo haya matatu, yaani kumjua mshiriki, kutaja siku ya malipo na kuzuia mali hadi bei ilipwe, yanaweza kutumiwa hata na mama mwenye cherehani moja.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931, inataja minada waziwazi. Inasema mauzo ya mnada hukamilika pale mnadi anapoashiria hivyo kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo, kila aliyeweka dau ana uhuru wa kuliondoa. Kutokana na kanuni hiyo tunajifunza kwamba muuzaji wa mtandaoni lazima aseme bayana ni lini na kwa ishara gani mnada wake unafungwa. Akiandika "mnada utafungwa saa tatu kamili usiku, na nitaandika neno UMEUZWA pamoja na jina la mshindi", neno hilo ndilo nyundo yake. Asipofanya hivyo, mshindi anaweza kudai kwamba aliondoa dau lake kabla ya kukubaliwa.

Sheria hiyo pia inamkataza muuzaji kujipandishia dau kwa siri au kumtuma mtu amfanyie hivyo, isipokuwa awe ametangaza tangu mwanzo kwamba amejihifadhia haki hiyo. Muuzaji anayefanya hila hii humpa mnunuzi sababu halali ya kukataa kulipa. Katika mafundisho ya Uislamu vilevile, kupandisha bei ya kitu usichokusudia kununua ili kumhadaa mwingine ni jambo lililokatazwa.

Je, makubaliano yaliyofanyika kwenye simu yanatambulika? Marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya Kenya yaliyoanza kutumika mwaka 2009 yaliweka wazi kwamba mkataba haukosi nguvu kwa sababu tu ulifungwa kwa ujumbe wa kielektroniki. Kwingineko, Mahakama Kuu ya Haki ya Ujerumani iliamua mnamo Novemba 2001, katika kesi ya gari lililonadiwa mtandaoni, kwamba mnada wa aina hiyo unaweza kuzaa mkataba unaowafunga wahusika. Katika kesi ile muuzaji ndiye aliyejaribu kujitoa kwa kuwa bei ilikuwa ndogo mno, naye akashindwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha jinsi majaji wanavyoweza kulitazama jambo hili.

Kuna sharti moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mkataba wa mauzo ya bidhaa za thamani ya Sh200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa kitu cha kuufunga mkataba, au amelipa sehemu ya bei, au pawepo maandishi yenye saini ya anayedaiwa au wakala wake. Kiasi hicho kiliwekwa zamani na leo kinagusa karibu kila kitu kinachouzwa. Mabishano yanaweza kuzuka iwapo ujumbe wa simu ni maandishi yenye saini au la. Arbuni, hata ikiwa ndogo, huyaondoa mabishano hayo.

Arbuni ni kinga

Wazee wa Pwani wameijua arbuni kwa karne nyingi, yaani fedha inayotangulizwa kuonyesha kwamba mnunuzi ana nia ya kweli. Katika mnada wa mtandaoni inaweza kutumika kwa namna mbili. Ya kwanza ni amana ndogo ya kuingia, tuseme Sh500, inayolipwa kwa M-Pesa na kila anayetaka kushiriki na kurudishwa siku hiyohiyo kwa walioshindwa. Ya pili ni kumtaka mshindi alipe sehemu ya bei, kwa mfano asilimia 10, ndani ya saa mbili baada ya mnada kufungwa.

Kwa cherehani ya Sh14,500, asilimia 10 ni Sh1,450. Kiasi hicho hakimkatishi tamaa mnunuzi wa kweli, lakini kinatosha kumfanya mtu asiye na nia afikiri mara mbili. Isitoshe, mlaghai huchukia kuacha nyayo. Akilipa kwa M-Pesa, jina lililosajiliwa pamoja na muda wa malipo hubaki katika kumbukumbu, na hayo ni mambo ambayo akaunti ya bandia ya Facebook haiwezi kumpa muuzaji.

Je, mnunuzi akighairi, muuzaji aitwae arbuni yote? Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana. Wengi katika madhehebu ya Shafii, Maliki na Hanafi hawakuruhusu, ilhali madhehebu ya Hanbali iliruhusu. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliikubali arbuni kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekewe mpaka. Muuzaji anayetaka kuepuka utata huo anaweza kutangaza kwamba atakata hasara halisi aliyoipata tu, na kurudisha kinachobaki. Muhimu ni kwamba sharti lolote litangazwe kabla ya dau la kwanza. Kulitunga baada ya mzozo kuzuka hakumsaidii mtu.

Masharti ya kuandika mwanzoni

Muuzaji mwenye busara huanza mnada kwa kuandika masharti mafupi ambayo kila mshiriki ataulizwa kama ameyakubali. Yasipungue mambo yafuatayo: bei ya kuanzia na kiasi cha kila nyongeza, saa ya kufunga, arbuni na muda wa kuilipa, siku ya mwisho ya kumaliza salio, na mahali pa kuchukulia mzigo. Aidha, aseme wazi kwamba bidhaa itabaki kuwa mali yake hadi bei yote ilipwe, na kwamba siku ya mwisho ikipita ana haki ya kuiuza kwa mtu mwingine bila kuomba ruhusa.

Vilevile, aeleze hali ya bidhaa bila kuficha. Cherehani yenye mkanda uliolegea isemwe ina mkanda uliolegea. Mara nyingi mnunuzi hukataa kulipa kwa sababu aliyoyaona kwenye picha siyo aliyoyakuta mlangoni, na hapo haki huwa upande wake.

Jambo la gharama za usafiri nalo linahitaji kutajwa. Wauzaji wengi hutuma mzigo kwa bodaboda kwa makubaliano ya kulipwa ukifika. Mwendeshaji anavuka daraja la Nyali hadi kisiwani, anapiga simu, simu imezimwa. Anarudi na mzigo, na nauli ya kwenda na kurudi inamwangukia muuzaji. Dawa ni kuitoza nauli mapema, kando na bei. Anayekataa kulipa nauli ya Sh300 kabla ya mzigo kuondoka hawezi kuaminiwa kwamba atalipa Sh14,500 ukishafika.

Siku zinapoanza kupita

Tuseme masharti yaliwekwa, mnada ukafungwa, na mshindi bado yuko kimya. Siku ya kwanza muuzaji amtumie ujumbe wa adabu unaotaja bidhaa, bei, nambari ya kulipia na siku ya mwisho. Asianze kwa vitisho. Wengi waliosahau au waliobanwa hulipa baada ya ukumbusho mmoja.

Siku ya pili au ya tatu atume ujumbe wa pili, akiuliza waziwazi kama mnunuzi bado anataka bidhaa. Ni vyema kumwachia mlango wa kutokea: "Ikiwa umeghairi, niambie leo ili nimpe mwingine." Jibu la kweli la "nimeshindwa" lina thamani kubwa kuliko ahadi kumi za uongo, kwa kuwa linamwezesha muuzaji kuendelea na shughuli zake.

Siku ya nne atume ilani ya mwisho kwamba asipolipwa kufikia saa fulani atauza kwa mtu mwingine na kudai hasara itakayotokea. Ilani hii si maneno matupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inampa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuzuia bidhaa iliyo mikononi mwake, na haki ya kuiuza upya iwapo amempa mnunuzi ilani na mnunuzi hakulipa ndani ya muda unaofaa. Bidhaa inayoharibika haraka, kama samaki au matunda, haihitaji ilani hiyo.

Ujumbe wote huo uwe wa maandishi, wala usifutwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumgeukia wa pili

Ilani ikiisha muda, njia ya haraka ni kumwendea aliyeshika nafasi ya pili. Bora kenda shika kuliko kumi nenda uje. Katika mfano wetu, wa pili aliweka Sh13,000. Akikubali na kulipa, mama amepungukiwa na Sh1,500. Ikiwa aliwahi kulipa nauli ya bodaboda ya Sh400 iliyopotea bure kwa mshindi wa kwanza, hasara yake yote ni Sh1,900. Akiwa alichukua arbuni ya Sh1,450, amebakiwa na pengo la Sh450 tu, kiasi ambacho wengi wangeamua kukisamehe.

Hata hivyo, kabla ya kumpigia simu wa pili, muuzaji aangalie ile hila ya watu wawili. Pengo kati ya dau la kwanza na la pili likiwa dogo, kama hili la Sh1,500, hakuna shaka kubwa. Likiwa kubwa kupindukia, au akaunti zote mbili zikiwa mpya na zisizo na historia, ni heri mnada urudiwe. Muuzaji halazimiki kumuuzia wa pili, kwa sababu nafasi hiyo ni hisani yake na si haki ya mshindani.

Malipo ambayo si malipo

Kuna aina ya mnunuzi asiyelipa ambaye huonekana kana kwamba amelipa. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007, biashara ndogondogo imerahisika mno, lakini walaghai nao wamejifunza. Hutuma ujumbe wa kawaida ulioandikwa kwa mtindo uleule wa M-Pesa, na muuzaji aliye mbioni huutoa mzigo bila kutazama umetoka wapi.

Kinga yake ni nyepesi. Muuzaji asiamini ujumbe peke yake, achunguze salio lake kupitia programu ya simu au kwa kupiga *334#, na mzigo usiondoke kabla hajafanya hivyo. Picha ya ujumbe iliyotumwa na mnunuzi kwa WhatsApp si risiti. Vilevile, kuna wanaolipa kweli, wakachukua bidhaa, kisha wakaomba pesa zirejeshwe kwa kudai walikosea nambari. Kwa sababu hiyo, mnunuzi atiwe saini ya kupokea bidhaa, hata ikiwa kwenye daftari la shule, ikionyesha jina lake, tarehe, bidhaa na kiasi alicholipa.

Hapa pia ndipo mpaka kati ya deni na jinai ulipo. Mtu aliyeshinda mnada akashindwa kulipa amevunja mkataba, na hilo si jambo la kupeleka kwa polisi. Lakini aliyetuma ujumbe wa uongo ili apewe mali anaweza kuwa ametenda kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Huyo aripotiwe katika kituo cha polisi kilicho karibu, na mlalamishi asiondoke bila nambari ya OB.

Mahakama ya Madai Madogo

Kwa muda mrefu, mtu aliyepoteza shilingi elfu chache hakuona maana ya kwenda mahakamani, kwani wakili angemgharimu zaidi ya alichokuwa akikidai. Hali hiyo ilibadilika kupitia Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021, na baadaye huduma hiyo ikafika Mombasa.

Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo yanayotokana na mikataba ya kuuza na kununua bidhaa. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa katika Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria pekee.

Anayekwenda huko anapaswa kujua anachodai. Ikiwa bidhaa bado iko kwake, kwa kawaida atadai hasara, yaani tofauti kati ya bei ya mnada na bei aliyouzia baadaye, pamoja na gharama zinazothibitika. Ikiwa mnunuzi alikwisha kuchukua bidhaa bila kulipa, atadai bei yenyewe. Ushahidi wa ujumbe wa simu unakubalika chini ya Sheria ya Ushahidi, ingawa mahakama huweza kuhitaji cheti kinachoeleza jinsi nakala hizo zilivyotolewa kwenye simu. Kwa hiyo simu yenyewe itunzwe. Muda wa kudai haki ya mkataba ni miaka sita, lakini ni vyema kutongoja.

Mambo ya kuepuka

Hasira ni mshauri mbaya. Wapo wauzaji ambao, baada ya kutolipwa, huanika mtandaoni picha ya mnunuzi, nambari yake ya simu na hata kitambulisho chake, wakimwita mwizi. Kufanya hivyo kunaweza kumgeuza aliyedhulumiwa kuwa mshtakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za kibinafsi, na malalamishi hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fauka ya hayo, mtu aliyeshindwa kulipa si mwizi mbele ya sheria, na kumwita hivyo hadharani kunaweza kuzaa kesi ya kuharibiana sifa. Inatosha kumwondoa kundini na kuliweka jina lake katika daftari lako mwenyewe la watu usiofanya nao biashara tena.

Jambo jingine la kukumbuka ni leseni. Mama anayeuza cherehani yake mwenyewe hana tatizo. Lakini anayefanya kazi ya kunadi mali za watu wengine kwa malipo anaingia katika eneo la Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, inayotaka leseni kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali. Wasimamizi wa makundi yanayokata kamisheni wasilipuuze hilo.

Tukimrudia mama wetu wa Mishomoroni, laiti angetoza amana ya Sh500, akataja saa mbili za kulipa arbuni na siku nne za kumaliza deni, huenda mshindi wake wa Sh14,500 asingethubutu hata kuweka dau. Pengine bei ingeishia Sh13,000. Lakini Sh13,000 zilizo mkononi hulipa karo, ilhali Sh14,500 zilizo katika ujumbe wa simu hazimpeleki mtoto popote.